Njia moja, daftari moja: mwongozo kamili wa mradi wa wanyamapori kwa vijana wa Dodoma

Kijana wa Dodoma anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amechora tembo kwenye daftari la biolojia mara nyingi, lakini hajawahi kukaa dakika kumi kumtazama pimbi anayeota jua kwenye jiwe nyuma ya shule yake. Safari ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ni nzuri, ila inahitaji basi, posho na kibali, na ikiisha imeisha. Kinachomfunga kijana na viumbe ni kurudi mahali pale pale, mwezi baada ya mwezi, mpaka aanze kugundua nani hayupo.

Mwongozo huu ni wa walimu, viongozi wa vijana wa kanisani na msikitini, wazazi na vijana wenyewe wanaotaka kuanzisha mradi wa aina hiyo Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba au Kondoa. Umepangwa kwa mwaka mmoja unaoanza Mei. Mwezi huo mvua zimekwisha, asubuhi ni baridi, na nyasi zinaanza kulala kiasi cha kuona unapokanyaga.

Kuchagua mahali

Unahitaji njia ya miguu yenye urefu wa kama mita 800, isiyozidi nusu saa kwa mguu kutoka vijana wanapokutana. Ikiwa mbali zaidi, waliochelewa hawatafika, na wasichana wenye kazi za nyumbani asubuhi watakuwa wa kwanza kuacha. Njia bora Dodoma hupita kwenye angalau vitu viwili kati ya hivi: mawe makubwa au kilima, miti mizee yenye matundu, korongo la mchanga, ukingo wa bwawa au lambo, na vichaka vya migunga ambavyo havijafyekwa vyote. Mashamba ya uwele na mtama yaliyo pembeni yanafaa pia, kwa sababu ndege wa shambani ni sehemu ya hesabu.

Kagua njia hiyo mara mbili kabla ya kuwaleta vijana, asubuhi mara moja na jioni mara moja. Tafuta mizinga na makundi ya nyuki kwenye nyufa za mawe, mashimo ya machimbo ya kokoto, na mahali wachungaji wanaponyweshea mifugo. Dodoma ni makao makuu ya nchi, kwa hiyo usichague kilima kinachotazamana na kambi, makazi ya viongozi au jengo la serikali. Kundi la vijana wenye darubini na simu litaleta maswali, na maswali hayo yatakuwa ya haki.

Kama unachagua bwawa, la Hombolo au lambo dogo la kijiji, weka kanuni tangu siku ya kwanza kwamba hakuna anayeingia majini. Maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo njia ya kichocho, na kijana aliyevua viatu kumfuata ndege wa majini hatakumbuka hilo.

Ruhusa

Anza na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, au wa kijiji ikiwa uko nje ya mji. Peleka barua ya ukurasa mmoja yenye mambo manne: nani, wapi, siku na saa gani, na kwamba hamtakamata wala kuchukua kitu chochote. Ardhi ikiwa ya mtu, mwendee mwenye shamba pamoja na vijana wawili. Mzee akiombwa na wajukuu husikiliza tofauti. Msitu ukiwa wa hifadhi, ofisi ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Maeneo kama Swagaswaga na Mkungunero ni mapori ya akiba, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na hayafai kuwa mahali pa kuanzia. Afisa maliasili au afisa wanyamapori wa halmashauri mjulishe mapema, kwa maana ndiye mtakayempigia mkikuta mtego wa waya.

Kila aliye chini ya miaka 18 alete karatasi iliyosainiwa na mzazi au mlezi, yenye namba ya simu na ugonjwa wowote anaougua, hasa pumu, kifafa na mzio wa nyuki.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wala kufuga mnyamapori bila kibali. Waeleze vijana hivyo kwa lugha nyepesi mara moja, kisha msimamie: hakuna kubeba yai, kinda, kobe, wala sungura aliyepatikana shambani. Mradi unaoanza kwa kumfungia kobe kwenye boksi umeshamfundisha kijana kitu kibaya.

Kama shule ina Klabu ya Malihai, yaani klabu ya wanafunzi ya uhifadhi, ingieni humo badala ya kuunda chama kipya. Roots & Shoots, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, pamoja na wanafunzi wachache wa sekondari, nayo ina vikundi katika shule nyingi nchini. Jina la klabu iliyopo hupunguza nusu ya barua.

Watu na zana

Idadi inayofanya kazi ni vijana 12 hadi 16. Zaidi ya hapo ndege wote watakuwa wameshakimbia kabla ya kituo cha pili. Awepo mtu mzima mmoja kwa kila vijana 8, na wasipungue wawili, mmoja wao mwanamke. Gawanya vikundi vya wanne wanne: anayeangalia na kutaja, anayeandika, anayeshika muda, na anayeangalia usalama chini na nyuma. Kazi zizunguke kila mara. Asiyezungusha atajikuta baada ya miezi mitatu ana mtaalamu mmoja na watazamaji kumi na watano.

Watafute vijana wanaochunga mbuzi, hata kama hawako shuleni. Hao wanajua digidigi analala wapi na fisi anapita korongo gani, na wanajua majina ya Kigogo, Kirangi au Kisandawe ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule. Tengeni safu ya jina la kienyeji kwenye daftari. Siku kijana wa mbuzi anapomsahihisha mwalimu kuhusu unyayo, mradi umeshika mizizi.

Zana ni chache. Kaunta buku moja kubwa ambalo ndilo kumbukumbu rasmi, na madaftari madogo manne ya porini. Penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwa jasho na mvua. Kamba ya mita 30 iliyofungwa fundo kila mita 5. Rula, filimbi mbili, tochi mbili, simu moja yenye ramani. Darubini zikipatikana mbili zinatosha, na zile zilizoandikwa 8x42 ndizo rahisi kwa anayeanza. Zinazokuza mara 12 au zaidi hutetemeka mkononi na kumkatisha kijana tamaa. Hata bila darubini hesabu inawezekana kabisa, ila mtashika ndege wa karibu tu. Kila mmoja aje na maji yasiyopungua lita 1, kofia, suruali ndefu au sketi nene, na viatu vya kufunika. Ndala hazipandi mawe.

Kazi ya kwanza: kuhesabu ndege kwa vituo

Hii ndiyo nguzo ya mradi mzima, na ndiyo inayokosewa zaidi.

Weka vituo vitano kwenye njia, kila kimoja mita 200 kutoka kingine, ili ndege aliyehesabiwa kituo cha kwanza asihesabiwe tena cha pili. Alama iwe jiwe au mti unaojulikana. Rangi ya kupaka si lazima, na huwavuta watu kuuliza mnachimba nini. Andikeni maelezo ya kila kituo kwenye kaunta buku, na pichani au kwenye ramani ya simu wekeni nukta.

Anzeni mara jua linapochomoza. Dodoma hilo ni kati ya saa 12 na dakika chache asubuhi mwezi Novemba na kama saa 12:50 mwezi Julai, basi saa ya kuanza iende na jua. Mkifika kituoni, simameni kimya dakika 2 bila kuandika, ili ndege mliowashtua watulie. Kisha hesabuni dakika 8 kamili. Andika kila ndege aliyeonwa au kusikika ndani ya mita 50: aina, idadi, na anachofanya. Anayepita juu bila kutua aandikwe safu yake. Vituo vitano pamoja na kutembea havichukui zaidi ya saa moja na robo, mkawa mmemaliza kabla ya saa 3, jua linapowanyamazisha ndege.

Mwezi wa kwanza msijaribu kuwajua wote. Chagueni kumi: kunguru mwenye kola nyeupe, njiwa, tetere, shomoro, kanga, mnana, mwewe, yangeyange, kwenzi na hondohondo. Wengine wote waandikwe kwa maelezo, mfano "asiyejulikana, ukubwa wa shomoro, tumbo la njano, juu ya mgunga". Kijana anayeandika "sijui" ni wa kupongezwa mbele ya wenzake. Anayebahatisha jina anaharibu daftari, na kosa hilo haliwezi kufutwa baadaye kwa sababu ndege hayupo tena.

Dodoma ina zawadi yake kwa anayetazama vizuri. Kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano na duara jeupe kuzunguka jicho, pamoja na kwenzi wa rangi ya kijivu kama majivu, asili yao ni Tanzania. Mtalii husafiri kutoka ng'ambo kuwaona, nao wanaweza kuwa kwenye mbuyu ulio nyuma ya zahanati. Waambieni vijana jambo hili wakiwa wanamwangalia ndege mwenyewe, si darasani.

Makundi makubwa yana mbinu yake. Kwelea kwelea wakija mashambani, msijaribu kuhesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, kariri ukubwa wa kumi hao kwa macho, kisha pima kundi zima lina kumi ngapi. Wawili wakadirie kila mmoja peke yake, mwandishi achukue wastani.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza ni kuacha kuandika sifuri. Kanga wakionekana 12, kisha 0, kisha 7, kisha 9 katika ziara nne, jumla ni 28 na wastani ni 7. Ile sifuri ikiachwa wastani unapanda hadi zaidi ya 9, na mmedanganya bila kukusudia. La pili ni kwenda saa tofauti kila mara: ndege wa saa 4 ni wachache kuliko wa saa 1, kwa hiyo mtadhani wamepungua kumbe mmechelewa. La tatu ni mlezi wa kikundi kutaja majina yote mwenyewe. Nyamaza. Uliza, "Umeona nini?", kisha subiri.

Ziara mbili kwa mwezi zinatosha, Jumamosi ya kwanza na ya tatu. Kila wiki ni nyingi mno, na vijana huanza kupungua kuanzia wiki ya sita.

Pimbi, kwa ajili ya wadogo

Watoto wa miaka 9 hadi 12 hawana subira ya ndege. Wapeni pimbi. Kilima chenye mawe na nyufa kikiwa na alama nyeupe za mkojo uliokauka juu ya mwamba, pimbi wapo. Huota jua asubuhi kuanzia saa 1, wakiwa wamejipanga, na huhesabika kirahisi kutoka mita 30. Hesabuni mara tatu, kila mara dakika 10, na mchukue hesabu kubwa kuliko zote, kwa sababu siku zote kuna waliojificha. Andikeni wakubwa na wadogo mbali mbali.

Kisha waambieni kwamba ndugu wa karibu wa mnyama huyu, kati ya wote walio hai leo, ni tembo na nguva. Hakuna mtoto anayesikia hivyo akamtupia pimbi jiwe kwa wepesi ule ule.

Katika nyufa hizo hizo anaweza kuwepo kobe bapa, mwenye gamba laini na jembamba, anayejibana ndani ya mwamba badala ya kujificha ndani ya gamba. Huyu anawindwa na wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa, na biashara yake ya kimataifa imezuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mkimwona, andikeni tarehe na "kilimani" basi. Mahali kamili pasiandikwe kwenye mtandao, wala picha isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Mkono usiingizwe ufani kumvuta.

Kitanda cha nyayo

Mnyama wa usiku hahesabiki kwa macho, lakini anasaini. Fyekeni mraba wa mita 1 kwa mita 1 kando ya njia ya wanyama au korongo. Tandazeni mchanga laini uliochekechwa, unene wa sentimita 3, nyunyizieni maji kama lita 2 ili ushikane, kisha sawazisheni kwa ubao ulionyooka. Kazi ifanyike saa 11 jioni, isomwe saa 1 asubuhi kabla mbuzi hawajapita. Vitanda vitatu vikiachana mita 50 vinatosha.

Upepo wa kiangazi Dodoma ndio adui mkubwa. Kati ya Juni na Oktoba unavuma kwa nguvu, mara nyingi kutoka mashariki na kusini mashariki, ukafuta kila kitu kufikia alfajiri. Wekeni kitanda upande wa magharibi wa kichaka. Msiweke nyama wala mifupa kuvutia: mtapata mbwa wa mtaa wote, siafu, na huenda fisi karibu na nyumba za watu.

Kabla ya kusoma unyayo wa porini, jifunzeni wa nyumbani. Tembezeni mbwa, paka, mbuzi na kuku juu ya kitanda mchana, mpime kwa rula na kuchora kwa ukubwa halisi. Mbwa huacha alama za kucha, paka huzificha. Hilo pekee linatenganisha mbweha na kanu au paka pori. Fisi ana alama za kucha pia, ila ni mkubwa na mguu wa mbele unaupita wa nyuma waziwazi. Nguchiro ni mdogo mwenye kucha ndefu. Digidigi huacha kwato ndogo kuliko za mwanambuzi, na vinyesi vyake huwa lundo mahali pamoja, maana hurudi hapo hapo siku zote. Kila unyayo upigwe picha rula ikiwa kando, simu ikiwa juu moja kwa moja. Picha ya pembeni haina kipimo.

Kisiki hai: kazi ya Julai hadi Septemba

Kuna desturi ya kugawa miche mia mbili siku ya mazingira, kupiga picha na kuondoka. Kwa eneo linalopata mvua ya milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, miche hiyo mingi hufa kiangazi cha kwanza. Kijana aliyeipanda hujifunza kwamba miti haikui. Vijiji vingi vya mkoa huu vimeshajua njia nyingine, kisiki hai: kukuza mti kutoka kwenye kisiki kilichokatwa ambacho mizizi yake bado iko chini na hai. Mizizi hiyo tayari imefika kwenye unyevu, ndiyo maana chipukizi lake hulipita kwa mbali mche wa kiriba.

Ombeni kipande cha mita 30 kwa 30 shambani au pembezoni mwa shule, na kingine cha ukubwa huo huo kilicho jirani kibaki kama kilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Hesabuni ndege kwenye vyote viwili kabla hamjagusa tawi. Kisha:

1. Tafuteni visiki 20 vya miti ya asili vyenye machipukizi, vipeni namba.
2. Kwa kila kisiki, acheni machipukizi 3 hadi 5 yaliyo imara na yaliyonyooka. Mengine kateni karibu na kisiki.
3. Kwenye yale yaliyobaki, pogoeni matawi ya pembeni ya nusu ya chini tu. Ukipogoa kupita nusu, mti unakosa majani ya kujilisha na shina linapinda.
4. Kateni kutoka chini kwenda juu kwa panga au msumeno wenye makali. Ukikata kutoka juu tawi huanguka na ganda, gome likachanika, wadudu wakaingia.
5. Fungeni kitambaa cha rangi kwenye shina, ili mchungaji na mtafuta kuni wajue mti huu una mwenyewe.
6. Miiba iliyokatwa izungushieni kisiki kuzuia mbuzi. Matawi yasiyo na miiba apewe mwenye shamba kwa kuni.

Panga lishikwe na wenye miaka 15 na kuendelea, mmoja kwa kisiki, wengine wakiwa mita 3 nyuma. Pimeni urefu wa shina refu kila baada ya miezi mitatu, na rudieni kupunguza machipukizi mapya kila mnapopima. Mkishindwa, karibu kila mara ni mbuzi, na mbuzi wana mwenyewe: mwiteni katika kikao cha mwanzo, kabla ya kukata tawi la kwanza.

Wakati huo huo andikeni ramani ya miti mizee yenye matundu ndani ya eneo lote. Jike la hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kuatamia, mlango ukazibwa ukabaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo. Kasuku nao hutaga kwenye matundu. Mche wa leo hautakuwa na tundu kwa miaka mingi, kwa hiyo mbuyu au mgunga mzee mmoja ukikatwa, nyumba imeondoka bila mbadala. Ramani hii ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote mtakazopeleka kwenye mkutano wa mtaa.

Maji ya Agosti hadi Novemba

Karai pana lenye kina kisichozidi sentimita 5, na mawe ndani yanayotokeza juu ya maji ili ndege wadogo na wadudu wasizame. Liwe mita 2 au 3 kutoka kichakani: karibu zaidi paka anavizia, mbali zaidi ndege haji. Maji yabadilishwe kila siku, karai lisuguliwe kwa brashi bila sabuni mara mbili kwa wiki. Mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi, na karai lililosahaulika ni shamba la mbu mlangoni mwa watu.

Nyuki watakuja. Kiangazi cha Dodoma nyuki hufuata tone lolote, kwa hiyo karai liwe mbali na madarasa, choo na njia, angalau mita 30. Na jambo moja la kuamua mapema: nani atajaza maji shule ikifungwa? Msipopata jina na zamu iliyoandikwa, msianze. Ndege waliozoea maji yanayokatika ghafla katikati ya Septemba wametendewa vibaya.

Jioni ya mbuyu

Ua la mbuyu hufunguka jua likizama na kuanguka siku inayofuata, na wageni wake wakuu ni popo wala matunda, ambao hubeba chavua kutoka mti hadi mti. Bila wao ubuyu ungepungua. Msimu wa maua kwa kawaida ni kuelekea mvua za kwanza. Angalieni vichipukizi vikubwa vya duara vinavyoning'inia, kisha pangeni jioni moja: kukaa saa 11:45, mita 15 kutoka shinani, tochi zimefunikwa kitambaa chekundu, mtu mzima mmoja kwa vijana watano, kila mzazi akijulishwa, na kuondoka saa 2 usiku kwa pamoja. Andikeni saa ua la kwanza lilipofunguka na saa popo wa kwanza alipofika. Popo hagusiki, awe hai au amekufa.

Miche, kama bado mnaitaka

Miche 15 inayotunzwa ni mingi. Pandeni mbegu mwishoni mwa Agosti au Septemba ili mche uwe na miezi mitatu mvua zikifika. Mbegu za mgunga zimwagiwe maji yaliyochemka na kupoa dakika chache, zilale humo usiku kucha. Za mkwaju zilowe saa 24. Za mbuyu zikwanguliwe ganda kwa tupa kwanza, kisha zilowe. Udongo wa viriba: sehemu 3 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza kabisa, 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na mche ushuke udongo ukiwa umelowa kina cha sentimita 30. Mvua moja ya Novemba haitoshi, na wengi hapo ndipo wanapopoteza.

Hatari

Nyoka wa eneo hili wa kuogopwa zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii: hulala njiani akitegemea rangi yake. Wapo pia koboko na swila. Kwa hiyo tembea kwa mstari, angalia unapokanyaga, usikalie jiwe kabla ya kuligonga kwa fimbo. Aliyeumwa alazwe, atulizwe, pete na saa vivuliwe, kiungo kifungwe kwenye banzi kisicheze, na apelekwe hospitali haraka. Msikate, msinyonye, msikaze kamba. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi safi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Nyuki wakishambulia, kimbieni bila kugeuka, nguo ikifunika uso, hadi ndani ya nyumba. Msijirushe kichakani. Kila mwiba wa nyuki ukwanguliwe mara moja.

Akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, popo au mnyama yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mzoga usiguswe hata kwa fimbo, kwa sababu ya kimeta. Mpigieni afisa mifugo.

Daftari linapojaa

Baada ya kila ziara, kabla ya kuagana, hesabu zihamishiwe kwenye kaunta buku. Zikiachwa hadi wiki ijayo nusu inapotea. Kila mwezi chora wastani wa aina tano kwenye karatasi ya manila na ibandikwe mahali watu wanapopita, ofisi ya mtaa au zahanati. Anayetaka kushirikisha dunia kwa mtandao atumie eBird kwa ndege na iNaturalist kwa viumbe wengine. Wenye umri chini ya miaka 13 watumie akaunti ya kikundi iliyo mikononi mwa mlezi, na viumbe wanaowindwa wafichwe mahali pao.

Ratiba iheshimu maisha ya vijana. Darasa la saba wana mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba: wapunguzieni, na wadogo washike nafasi zao za kuandika. Mwezi wa Ramadhani ziara ya asubuhi ibaki fupi. Msichana anayetakiwa kuteka maji alfajiri ataweza kuja ikiwa mama yake aliombwa ana kwa ana na akaoneshwa daftari.

Mkutano wa mtaa unaofuata baada ya miezi sita, pelekeni mambo matatu: ramani ya miti yenye matundu, chati ya ndege, na ombi moja lililo wazi, mfano kwamba mbuyu namba 4 na migunga namba 7 na 11 isikatwe. Wazungumze vijana wenyewe, wawili, mmoja akisoma namba na mwingine akieleza. Mlezi akae nyuma, na mwandishi wa kikundi aandike majibu ya mkutano kwenye kaunta buku, pamoja na tarehe na jina na cheo cha aliyeahidi.